Betri ya saluni na jasho la Kolwezi

BARUA

Ndugu wa safu, jambo yenu.

Nina saluni ya kunyoa huku Katuba, Lubumbashi, na kwenye meza ya mlangoni nachajisha simu za watu. Umeme ukikatika jioni, wakati wateja ndiyo wanatoka kazini, siku imekufa. Zamu yangu ya likelemba, upatu wetu, imefika, nimeamua kufunga umeme wa jua. Mashine za kunyolea ni mbili, balbu nne, televisheni ndogo moja, na simu kama 25 kwa siku.

Muuzaji wa mjini amenipa njia tatu. Betri ya gari iliyotumika, dola 45. Betri mpya ya jeli, 12 V 200 Ah, dola 260. Betri ya lithiamu ya 100 Ah, dola 290. Nimeshangaa: ndogo ndiyo ghali?

Sasa binti wa yaya yangu (dada mkubwa), anayesoma hapa chuo kikuu, ameikataa ile ya lithiamu kabisa. Anasema, "Mama mdogo, lithiamu ni kobalti, na kobalti ni watoto wa Kolwezi wanaochimba kwenye mashimo. Ukinunua hiyo umewalipa walewale wanaotunyonya." Akina mama wa kikundi chetu kanisani wamelishika neno hilo, wanataka tuape kutonunua kitu chochote chenye madini ya makampuni makubwa. Jirani wa parseli yetu anayefanya kazi mgodini alipolisikia alicheka mpaka akakaa chini.

Sitaki kula jasho la mtu. Sitaki pia kununua mara mbili. Na kuna betri ya gari iliyokufa, iko nyuma ya mlango tangu mwaka jana. Kijana wa mkokoteni anapita kila wiki akiitaka kwa bei ya kilo. Nimuuzie?

Mama wa saluni, Katuba

JIBU

Mama, huyo binti ana nusu ya ukweli, ila ameibandika kwenye betri isiyohusika.

Lithiamu ni jina la ukoo. Simu zilizopangwa mezani kwako zina betri ya lithiamu na kobalti, gramu chache kwa kila simu. Gari nyingi za umeme zinazouzwa Ulaya na Marekani zina betri ya nikeli, manganizi na kobalti, inayoandikwa NMC, na hapo kobalti inapimwa kwa kilo. Lakini betri za lithiamu za umeme wa jua zinazouzwa siku hizi nyingi ni za chuma na fosfati: LiFePO4, au kwa kifupi LFP. Ndani yake hakuna kobalti wala nikeli.

Usimwamini muuzaji kwa mdomo, soma volti kwenye lebo. Seli moja ya LFP ina volti 3.2, na nne zikiunganishwa kwa kufuatana ni 12.8. Seli ya ukoo wa kobalti ina 3.6 au 3.7, kwa hiyo tatu hutoa 11.1 na nne hutoa 14.8. Lebo ikisema 12.8 V, au 25.6 na 51.2 kwa zile kubwa, hiyo ni LFP. Ikisema "12 V Lithium" basi, bila desimali na bila neno LiFePO4, mwambie akuletee karatasi ya kiwanda kabla hujafungua pochi.

Sasa tupige hesabu. Balbu nne za wati 9 kwa saa tano ni wati-saa 180. Mashine mbili za wati 12 kwa saa sita, kama 145. Televisheni ya wati 50 kwa saa nane, 400. Simu moja hula kama 20 ukihesabu na upotevu wa chaja, hivyo simu 25 ni 500. Jumla inakaribia 1,225. Konvertisa, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hula sehemu yake. Weka 1,400 kwa siku, na sehemu nzuri ya hiyo utaitumia mchana moja kwa moja kutoka kwenye paneli.

Betri ya jeli ya 200 Ah ina volti 12 × ampea-saa (Ah) 200, yaani wati-saa 2,400. Ukitaka idumu usiishushe kupita nusu, kwa hiyo yako ni 1,200. LFP ya 100 Ah ina 12.8 × 100, yaani 1,280, na inakuruhusu kutumia asilimia 90 bila kuumia: kama 1,150. Kumbe ile "ndogo" na ile "kubwa" zinakupa karibu kitu kilekile. Tofauti iko kwenye umri. Jeli inayoshushwa nusu kila usiku huhesabiwa mizunguko ya kujaza na kushusha mia tano mpaka elfu moja, na joto la Oktoba chini ya mabati linaipunguza zaidi, kwani kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata karibu nusu ya maisha ya betri za risasi, ile metali nzito iliyomo kwenye jeli na kwenye betri ya gari. LFP ya kweli hupewa mizunguko 2,000 mpaka 4,000. Kwa mzunguko mmoja kwa siku, hiyo ni kama miaka miwili kwa jeli dhidi ya mitano na kuendelea. Kwa dola 30 zaidi, hakuna mjadala.

Ile ya gari ya muuzaji iache ilipo. Vibamba vyake ni vyembamba, vimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha dinamo ijaze upya. Ukiikamua kila usiku inakufa ndani ya miezi michache, na dola 45 zako zimekuwa uchafu wenye sumu.

Hatari ya LFP ni bandia: seli zilizochoka zikavikwa ganda jipya. Ibebe kwanza. Ya 100 Ah ina uzito wa kilo 10 mpaka 13, na ikiwa nyepesi kuliko 8, irudishe palepale. Kisha ijaze kabisa na uwashe juu ya konvertisa balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, bila paneli. Inapaswa kuwaka kwa muda wa saa 10 au 11. Ikizimika baada ya saa tano tu, umeuziwa nusu betri kwa bei ya nzima. Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye risiti kwamba una siku tatu za kujaribu. Akikataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Kwa fundi wako, maneno machache. Paneli ya wati 400 inatosha: 1,400 gawa kwa saa tano za jua kali, gawa tena kwa 0.75 ya upotevu, unapata kama 375. Itazame kaskazini, maana Lubumbashi iko kusini ya Ikweta, na iiname nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua iioshe. Regulata, kile kisanduku kinachosimamia ujazaji wa betri, iwekwe kwenye LFP: kujaza 14.2 mpaka 14.4 V, na ile hatua ya "kusawazisha" izimwe kabisa, kwani volti zake za juu ni dawa ya betri ya risasi yenye maji na ni sumu kwa LFP. Mafundi wengi huiacha ilivyotoka kiwandani, halafu wanasema lithiamu ni mbaya. Vitu vyako vyote vikiwaka pamoja havifiki wati 400, kwa hiyo konvertisa ya 600 ya wimbi safi yatosha, hata wakikusifia ya 3,000. Itavuta kama ampea 60: kebo ya milimita mraba 16, isizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na mguu wa chanya.

Na siku betri itakapoonyesha volti sifuri, usiitupe. Ndani kuna kadi, BMS, inayofunga mlango betri ikishuka mno au ikivutwa kupita kiasi. Mara nyingi betri haijafa, imejifungia tu, na fundi mwenye chaja ya lithiamu huiamsha kwa dakika chache.

Hayo ndiyo ya betri. Turudi kwa neno la binti, maana halistahili kuchekwa. Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao mwaka 2014 baada ya kobalti kugunduliwa hapo. Utafiti wa Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, uliotoka mwaka 2018, ulikuta kwenye mkojo na damu ya wakazi wa hapo kobalti nyingi kuliko ya majirani wa mtaa usiochimbwa, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa hiyo simu za mezani zina deni kweli.

Lakini kususia hakulipi deni hilo. Jiwe la krezeri, yaani mchimbaji wa mkono, likifika depo linachanganywa na mawe ya mashimo mengine. Likisafishwa kidogo huku linakuwa unga, na unga huo mwingi husafirishwa China, unachanganywa na wa migodi mikubwa ya mashine, ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya nchi hii. Baada ya hapo hakuna fundi duniani anayeweza kukuambia gramu zilizo ndani ya simu zilitoka mkononi mwa nani. Mnunuzi wa mbali anayesema "sitaki madini ya Kongo" hachagui kati ya mchimbaji mtu mzima na mtoto. Anawafuta wote wawili.

Wenzetu wa Kivu walilionja hilo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayoyataka makampuni yaeleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu yao inatoka maeneo ya vita. Huko Goma na Bukavu watu waliibandika jina: Sheria ya Obama. Nia ilikuwa kuwabana wenye bunduki. Makampuni mengi yaliona kuondoka ni rahisi kuliko kukagua, na Septemba mwaka huohuo serikali ya Kinshasa nayo ikasimamisha uchimbaji wa mkono katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011. Aliyekosa karo ya watoto ni mchimbaji. Wenye bunduki waliendelea kupitisha mizigo kwa njia za panya.

Tena msifikiri viwanda vilihamia LFP kwa huruma. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilikaribia dola 95,000, na kila mtengenezaji alitafuta namna ya kuikwepa. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeporomoka hadi kama 21,000. Ndipo Februari serikali ikafunga usafirishaji, na kuanzia Oktoba ikauruhusu kwa mgao maalumu. Na hili hapa mliweke mezani siku ya kikundi: CATL, kampuni ya China inayoongoza duniani kwa kutengeneza betri, LFP zikiwemo, tangu 2021 ina hisa karibu robo katika mgodi wa shaba na kobalti wa Kisanfu, huku kwetu, pamoja na CMOC, kampuni ya madini ya China. Anayekuuzia betri isiyo na kobalti anaweza kuwa ndiye mwenye kobalti. Hata hiyo LFP yenu ndani ina karatasi za shaba. Kiapo cha akina mama kitawaacha na makasi na mshumaa, na hakuna ofisi ya kampuni itakayosikia.

Kuna jambo ambalo mnunuzi wa Paris hawezi kulifanya na ninyi mnaweza, kwa sababu mnaishi pembeni ya mgodi. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema mambo mawili yanayowahusu moja kwa moja.

La kwanza ni mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayouza. Kobalti iliwekwa kwenye madini ya kimkakati, hulipa asilimia 10, na shaba asilimia 3.5. Ibara ya 242 inaugawa mrabaha huo: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya karibu, yaani komini, sekta au usultani palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya komini husika. Haipiti Kinshasa. Kwa hiyo mkuu wa komini yenye mgodi akiwaambia "tunangoja Kinshasa watume", mwulizeni namba ya akaunti.

La pili ni ibara ya 258 bis: kila kampuni inayochimba hutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii inayoizunguka. Kampuni iliyouza dola bilioni moja inadaiwa dola milioni tatu, hata kama inalia kwamba haikupata faida, kwa sababu hesabu ni ya mauzo. Fedha hizo husimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii pamoja. Mbali na hapo kuna daftari la majukumu, cahier des charges, linaloorodhesha shule, visima au barabara ambazo kampuni imeahidi, na tarehe zake.

Makosa yanayojirudia ni haya: kampuni inaleta magunia ya unga na fulana wakati wa Noeli, watu wanapiga makofi, halafu unga ule unaandikwa kana kwamba ni sehemu ya ile 0.3. Au wajumbe wa jamii wanateuliwa na chifu mmoja na ndugu zake. Au barua ya malalamiko inaandikwa kwa hasira tupu, "mnatuua, mnatunyonya", na hakuna anayelazimika kuijibu.

Katuba haina mgodi, lakini kwenye kikundi chenu hakosekani mama mwenye ndugu Ruashi au Annexe. Aandike mwenye makao palipo na mgodi, ninyi mkiwa nyuma yake. Barua ya ukurasa mmoja, nakala tatu: moja kwa kampuni, moja kwa komini, moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Iulize vitu vinne tu: mauzo ya mwaka uliopita yalikuwa kiasi gani. Ile 0.3 yake ililipwa lini na kwenye akaunti ipi. Wajumbe wa jamii kwenye chombo kile ni nani na walichaguliwaje. Miradi ipi imekamilika kati ya iliyo kwenye daftari. Msiweke swali la tano. Maswali yakiwa mengi, wanajibu lile jepesi. Kabla ya kuandika, tafuteni mkataba wa kampuni hiyo na malipo yake kwenye ripoti za ITIE ya Kongo, mpango wa uwazi wa mapato ya madini, ambazo ziko wazi kwa kila mtu. Hapa mjini shirika la AFREWATCH hufuatilia mambo haya, na huyo binti wa chuo ana kazi nzuri ya kufanya huko kuliko kuikagua saluni yako.

Kuhusu simu, ushauri ni mfupi: simu inayozima mapema mara nyingi inahitaji betri mpya tu. Mteja anayebadilisha betri badala ya simu amepunguza kobalti kuliko aliyeapa. Iliyovimba usiichajishe hata akikubembeleza.

Sasa ile ya nyuma ya mlango. Kijana wa mkokoteni ana haki ya kutafuta riziki, lakini tazama anachokwenda kufanya: atamwaga tindikali kwenye mtaro, avunje ganda kwa nyundo, kisha mwenzake ayeyushe risasi juu ya makaa, uani, watoto wakicheza. Risasi haina harufu. Vumbi lake hukaa kwenye udongo, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 kutokana na kazi hiyohiyo. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu majirani, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi iliendelea hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirudisha hukumu hiyo. Karibu na sisi, kwenye barabara ya Lusaka, Kabwe ya Zambia bado inabeba risasi ya mgodi uliofungwa mwaka 1994. Jeli moja ya 200 Ah ina kilo zaidi ya 30 za kitu hicho, na kwa kasi ya kubadilisha kila miaka miwili, katika miaka sita ungekuwa umepitisha mlangoni kwako karibu kilo 100. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukupeleka kwenye LFP, kuliko kobalti.

LFP nayo haina utakatifu. Kwa kuwa haina kobalti, siku ikifa hakuna anayeitaka kwa bei ya kilo, kwa hiyo hutupwa jalalani, na ikitobolewa inaweza kushika moto. Iandike ndani ya risiti: muuzaji ataipokea ikifa.

Betri ya zamani usimwage maji yake hata mnunuzi akisema kavu ndiyo ana bei nzuri. Iweke wima ndani ya beseni la plastiki, funika miguu yake miwili kwa utepe, mbali na watoto na jiko. Siku ya kununua mpya ipeleke kwa muuzaji yuleyule, mwombe apunguze bei kwa ajili yake, na umwulize mbele ya wateja wengine inakokwenda kuyeyushiwa.